Mwaka Tuliogawana Kondoo

Mwezi uliopita, Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa nachambua maharage barazani kwangu hapa juu ya Ngaramtoni, gari dogo jeupe lenye namba za Kenya liliingia uani, likatawanya kuku, likasimama. Akashuka binti mmoja nadhifu mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akatoa fimbo, halafu akamtoa bibi. Yule bibi alinyooka polepole, mkono kiunoni, akaangalia nyumba, akaangalia migomba, akaniangalia mimi. Hakupiga hodi. Alisema, "Paker, kondoo wetu hajambo?" Ungo nusura unitoke mikononi. Karibu miaka hamsini hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na maneno yangu tayari ya kumwambia huyu mwanamke siku nitakayomwona. Maneno makali kweli kweli. Nimeyanoa nikipika, nimeyanoa kanisani wakati wenzangu wanasikiliza mahubiri. Siku yenyewe ilipofika nikasema, "Karibu, Paker. Kaa hapa kwenye kivuli." Halafu nikaenda jikoni kuchemsha chai, na kwa hasira nikamwaga sukari nusu kopo.

Nitaeleza ya mwaka ule tu. Habari za ukoo wangu na nani alimzaa nani muulizeni mchungaji, ameziandika zote. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikaa Ngarenaro, chumba cha nne katika nyumba ya vyumba sita, ukuta mmoja na gereji ya kuchomelea mageti. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vya chuma, pazia la maua katikati, jiko la mkaa mlangoni, na kioo kimoja ambacho tulikigombania kila asubuhi. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Naserian, mpiga chapa, Mmasai wa Kajiado, Mkenya. Cha mlangoni kilikuwa changu. Sote tulifanya kazi kwenye Jumuiya, makao makuu hapa Arusha. Siku hizo nchi tatu zilikuwa na reli moja, posta moja, simu moja, ndege moja, na kijana wa mjini akisema "mimi niko Jumuiya" hata muuza nyama alimkatia pazuri. Lugha ya nyumbani tulikuwa nayo moja, Kimasai chake na Kiarusha changu ni ndugu, ila alinicheka kila siku kwamba nasema kama mtu mwenye ndizi mdomoni. Na mimi nilimwambia kwao hata ndizi hawana za kuweka huko mdomoni. Alipika ugali na sukuma, nilipika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, tukala kwenye sufuria moja kwa sababu sahani ya pili ilikuwa na ufa.

Kazi yangu ilikuwa opereta wa simu. Usidhani ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Ulikuwa umekaa mbele ya ubao mkubwa wenye matundu, Nairobi kushoto, Dar katikati, Kampala kulia, na nyaya mkononi, unachomeka huku, unachomoa kule, "subiri mzee, laini inakuja." Nilikuwa nimesomea hatua ya kwanza Nairobi miezi sita, nikapewa cheti chenye muhuri mwekundu na jina langu limeandikwa kwa mwandiko wa kulala: Nembris. Daftari la majina ya waliofaulu lilikaa hukohuko chuoni. Hatua ya pili ingenifanya msimamizi, mwenye kiti chake na simu yake mezani, na tangu nizaliwe sikuwahi kutaka kitu kama nilivyokitaka kile kiti. Tuliapishwa vilevile, mkono juu, kwamba unalosikia kwenye waya linaishia kwenye waya. Nilikiheshimu kiapo kile kuliko Katekisimu, na hilo ndilo litakalonitia motoni.

Krismasi ya kuamkia mwaka huo nilimleta Naserian nyumbani. Mama alimpenda palepale, akamtazama akila, akasema huyu mtoto hana mtu huku. Kesho yake asubuhi akaingia zizini akatoka na mtamba wa kondoo, mweusi kichwani, mkia umejaa mafuta, akamshika sikio akaniambia nami nishike, akamkabidhi Naserian. Mgeni asiyejua mambo yetu angeona ni zawadi tu. Kwetu Waarusha, kama kwa Wamasai, ukimpa mtu kondoo majina yenu yanawekwa pembeni. Tangu saa hiyo yeye ananiita Paker na mimi namwita Paker, yaani mwenzangu wa kondoo, mpaka mmoja azikwe. Mkikutana huanzi na habari ya kazi, unaanza na habari ya kondoo. Na kumwita tena kwa jina lake la kuzaliwa ni kumwambia humjui. Naserian alilia, akapangusa machozi kwa kilemba, akasema kondoo abaki hapahapa kwa mama kwa sababu Ngarenaro angekula pazia. Tukarudi mjini tukiitana Paker kila baada ya neno, Paker leta chumvi, Paker zima redio, hadi jirani wa chumba cha tano akauliza kama tumeokoka katika dhehebu jipya.

Redio ndiyo ilianza kuharibu. Kila jioni maneno, huyu kamkosea huyu, ndege zimezuiwa kule, magari yamezuiwa huku. Ofisini watu wakaanza kukaa kwa makundi chakula cha mchana. Mezani palipokuwa na watu wanane wa nchi tatu pakawa na wanne hapa na wanne pale, na chumvi ikawa inaombwa kwa "samahani". Bosi wa idara yetu, Mtanzania mwenzangu, mtu wa sauti nzuri, alitukusanya Jumatano moja akasema, "Msibabaishwe na maneno ya mitaani. Jumuiya hii haivunjiki. Mwenye mipango yake aendelee nayo." Tukapiga makofi. Saa tisa mchana huohuo nikamuunganishia simu yake ya Nairobi, na kabla sijajitoa kwenye laini, maana lazima uhakikishe wanasikilizana, nikamsikia akimwambia shemeji yake: "Watoto wapande basi kesho. Kesho, si Jumatatu. Na ile friji ipakieni." Nikachomoa sikio langu. Nilikaa pale natazama matundu. Masikio yalisikia, kichwa kikakataa. Nikajiambia labda ni mambo ya shule, labda mtoto anaumwa, bosi hawezi kutusimamia mbele ya watu akasema uongo mchana kweupe. Mtoto wa mkulima nilikuwa, sikujua kwamba wakubwa wana maneno ya ukumbini na maneno ya friji.

Alhamisi asubuhi Naserian alikuwa anakwenda Nairobi kumwona mama yake aliyelazwa, arudi Jumatatu. Wiki mbili kabla, chuo kilikuwa kimeandika kwamba anayeomba hatua ya pili alete cheti chake halisi kigongwe muhuri, nasi tulikwisha kupanga kwamba atanipelekea. Nilimtazama akifunga mkoba. Ningeweza kusema, Paker, usiende, au nenda ila uchukue vyombo vyako vyote, au hiki cheti kiache. Ulimi ulikuwa na kiapo, na nyuma ya kiapo kulikuwa na tamaa ya kile kiti. Nikampa cheti kwenye bahasha ya kaki. Akakiingiza kifuani, ndani ya nguo, akapiga hapo na kiganja, akasema, "Kiko mahali ambapo hata polisi hawafiki." Akaacha viatu vyake vya kanisani chini ya kitanda. Jumatatu mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa.

Sasa nieleze kuhusu kungoja. Nilingoja mwezi wa pili wote, na wa tatu. Viatu vya kanisani nilivipaka dawa mara mbili. Ofisini Wakenya waliokuwa hapa wakaondoka mmoja mmoja, wengine bila hata kuaga, meza zikabaki na vikombe vyenye majani ya chai yaliyokauka, na upande wa kushoto wa ubao wangu, upande wa Nairobi, ukanyamaza. Unachomeka waya husikii kitu. Siwezi kusema hatukupata chochote, nitakuwa mwongo kama bosi. Tulipata mashirika yetu wenyewe, yenye nembo yetu, na nafasi ambazo zilikuwa za wageni zikawa wazi. Kaka yangu mkubwa, Lobulu, aliyekuwa kibarua wa kuosha magari ya Jumuiya tu, alipewa gari la dereva Mkenya aliyeondoka, akapewa na koti la kazi la buluu lenye nembo kifuani, akatembea nalo Ngaramtoni nzima hata jua la saa saba. Huku sokoni vitunguu vilioza kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka hawakuja tena, sabuni ikawa ya kukatwa vipande kama nyama, lakini ndani ya nyumba yetu mtu mmoja alikuwa amepanda. Nilimfurahia. Nilimpikia pilau.

Zamu yangu ikaja mwezi wa nne. Shirika jipya la simu likatuita sisi tuliokuwa maopereta, tukapanga foleni kwenye korido, nikaingia nikijiamini kabisa. Ofisa utumishi, kijana wa rika langu, akauliza, "Cheti halisi?" Nikasema kiko Nairobi kwa kugongwa muhuri. Akatabasamu. "Dada, Nairobi ya sasa ni sawa na mwezini." Nikamwambia apige simu chuo, daftari lina jina langu. Akasema, "Nipige kwa laini gani? Si wewe ndiye opereta?" Watu wakacheka. Nikasema niko tayari kufanya mtihani pale pale, nikaeleza ubao kwa kichwa, tundu kwa tundu. Akasema maelekezo ni cheti, akaita jina linalofuata. Kiti changu alikikalia binti aliyekuwa amejifunza kwangu mimi, akashika nyaya alizofundishwa na mkono huu. Nilirudi Ngarenaro, nikaangalia vile viatu chini ya kitanda, na kwa mara ya kwanza nikawaza: huyu mtu hajakwama. Huyu kanila. Ana cheti changu, jina langu limeandikwa kwa mwandiko wa kulala, anakitumia kumtafutia kazi ndugu yake. Nikavitupa viatu uani, watoto wa gereji wakavichukua. Kodi ya chumba ikaisha nikarudi kwa mama na sanduku moja.

Lobulu ndiye alisema lile neno. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, tumekaa sebuleni kwa mama, redio inasema tena habari za ndege na mabehewa, nani kabaki na nini. Akaizima. Akasimama na koti lake. "Ndege wamebaki nazo. Mabehewa wamebaki nayo. Cheti cha dada yangu wamebaki nacho. Sisi tumebaki na kondoo. Basi na tugawane!" Nilidhani anatania, kwa sababu kaka yangu alikuwa mcheshi. Akatoka akaenda zizini. Mama alimkimbilia, akamshika mkono wa koti, akasema kwa Kiarusha kwamba huyo si wa nyama, huyo ana mwenyewe, tena ana mwana ananyonya. Lobulu akamjibu, "Mwenyewe kaenda na cheti, mama. Hii ni fidia." Hakuna mtu mwingine duniani, nadhani, aliyewahi kufidia ndege kwa kondoo wa jina, ila kaka yangu alifanya hivyo, na alifanya kwa furaha, akiimba. Mama alijifunika kanga kichwani akaingia migombani, hakuonekana hadi jioni. Nyama ilichomwa uani. Lobulu akakata ubavu, akaniletea mwenyewe kwenye jani la mgomba. "Kula, dada. Huyu ndiye aliyekuibia." Nikala. Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira na nilikuwa na njaa, na mafuta yalikuwa matamu. Mwanakondoo alilia siku tatu, ya nne akafa.

Basi hayo ndiyo maisha niliyotoka nayo mwaka ule. Nilipika uji shule ya msingi hadi nilipozeeka, na sijutii uji, watoto walishiba. Ila kila simu ilipolia mahali popote, ofisi ya mwalimu mkuu, posta, baadaye hizi za mkononi, kitu kilinichoma hapa, nikasema, Naserian. Mpaka wa Namanga ulipofunguliwa sikwenda kumtafuta. Jumuiya ilipofufuliwa na bendera kupandishwa tena mjini, wenzangu walipiga vigelegele, mimi nilizima televisheni. Na sasa nikisikia vijana wa nchi hii au ile wanabishana kwamba tujitoe, tutapata hiki, tutabaki na kile, wanapiga hesabu za bandari na barabara, huwa natamani kuwauliza kama kuna mtu amehesabu pia yule msichana aliyebeba cheti cha mwenzake kifuani.

Nilimletea chai. Alionja, akakunja uso kwa sukari, akanywa hivyo hivyo kwa adabu. Mjukuu wake alieleza kwamba amepata kazi hapa Arusha, kwenye Jumuiya hii mpya, na bibi alimsumbua tangu siku ya kwanza: nenda Ngaramtoni, ulizia. Alimuuliza mchungaji, akaelekezwa. Sikuweza kuvumilia tena. Nikasema, "Umeuliza habari ya kondoo. Na mimi nauliza. Cheti changu kiko wapi?" Naserian akaweka kikombe chini. Hakushtuka, hakukasirika. Akamwonyesha mjukuu mkoba, ukatolewa mfuko wa plastiki, ndani yake bahasha ya kaki, ileile, kona imeliwa na mende. Cheti kilikuwa kizima. Na karibu na muhuri mwekundu wa kwanza kulikuwa na muhuri wa pili, wa buluu: amekubaliwa hatua ya pili. Nilikuwa nimekubaliwa. Nilisoma mara tatu. "Kiligongwa Ijumaa," akasema. "Jumatatu nikafika Namanga nacho, nikarudishwa. Nikaandika barua mbili kwa sanduku la ofisi. Kimya. Basi mwezi wa sita nikampata mama mmoja muuza shanga, alikuwa anavuka porini na watu wa ng'ombe, wale hawakuwa na mpaka. Nikamshonea cheti ndani ya shuka. Nikamwambia, mpe Paker mkononi mwake, na umwone kondoo wetu, uniletee habari zake."

"Hakufika," nikasema. "Hakuna mtu aliyefika."

"Alifika, Paker. Alifika hapa hapa uani. Akamkuta mwanamume mrefu, koti la buluu lina nembo hapa. Akamwambia natafuta Nembris, nimetumwa nimwone na kondoo.  Yule mwanamume akamwambia Nembris ameolewa, kahamia mbali, na hataki kusikia kitu chochote kutoka Kenya. Mama wa watu akarudi siku nne kwa miguu na cheti chako." Akanitazama. "Nilikasirika. Na mimi nina moyo. Nikasema, kama hataki, basi. Lakini nilikitunza."

Nilitoka bila kuvaa viatu. Lobulu anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, macho yamekufa, anaota jua kwenye kiti cha plastiki. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka," kwa sababu hata ukitaka kumnyonga mkubwa wako unaanza na shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikamuuliza kuhusu mama wa shanga. Nilitegemea akatae, au aseme amesahau, mzee wa miaka themanini ana haki ya kusahau. Hakusahau. Alipapasa goti lake. "Aliniuliza kondoo," akasema. "Ningemwonyesha nini, Nembris? Ngozi ilikuwa imetandikwa kitandani kwangu." Nikamwambia, ulijua nangoja cheti. Ulijua kila siku. Ulikuwa na kazi yako, na koti lako, na ukaniona narudi mashambani na sanduku moja. Sauti yangu ilikuwa inapanda, wajukuu wake wakachungulia dirishani. "Nilijua," akasema. "Kila mwaka nilisema mwakani nitamwambia." Halafu akaongeza, taratibu, hata si kwa ubishi: "Lakini nyama ulikula na wewe."

Nilirudi barazani. Naserian alikuwa amesimama, amejiegemeza kwenye fimbo, anatazama zizi langu lenye mbuzi wawili na ndama. "Sioni kondoo," akasema. Ningeweza kumdanganya. Wa Lobulu wako kule nyuma kumi na mbili, weusi kichwani, ningemwambia hao ndio wajukuu wa wajukuu wake, angefurahi, angekwenda kwao na furaha yake akafa nayo. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Lakini cheti kilikuwa mezani kinanitazama na mihuri yake miwili, na mtu aliyekitunza miaka karibu hamsini kwa mwanamke aliyeambiwa hamtaki alikuwa mbele yangu. Nikamwambia yote. Koti, redio, ndege, mabehewa, mama migombani, mwanakondoo. Nikamwambia na simu ya bosi, kwamba nilijua siku moja kabla na sikumwambia. Na nikamwambia, "Nilikula ubavu."

Alisikiliza hadi mwisho. Alikaa, akamalizia chai yake yenye sukari nyingi, tone la mwisho, kama mtu aliyefundishwa asiache kitu kwa mwenyeji wake. Akamwita mjukuu wake. Nikamsindikiza hadi kwenye gari, nikamsaidia kuinua mguu, nikamfunga mkanda. Kioo kikashushwa. Akanipa mkono, akanishika kwa nguvu kidogo, macho yake yametulia, hayana hata hasira.

"Asante kwa chai, Nembris," akasema.